Mgeni Rasmi wa Ng'ambo ya Uzio

Binti wa jirani yangu alinipigia simu kutoka Perth akaniomba niandike kidogo kuhusu marehemu baba yake, kwa ajili ya ibada ya mazishi. "Ukurasa mmoja tu, uncle. People will be tired." Nikamwambia hakuna shida. Kisha nikafungua daftari nikaandika kwa herufi kubwa UTANGULIZI, chini yake SHUKRANI, na chini yake tena MWANDISHI WA MAKALA HAYA NI NANI. Nikajaza kurasa tatu na marehemu alikuwa bado hajaingia. Nikazichana. Haya ninayoandika sasa hayafai kusomwa kwenye ibada, lakini angalau yanamhusu yeye, ingawa na mimi nimo tele.

Sisi tulimwita Profesa. Yeye angependelea Mwalimu, maana ndivyo wanafunzi walivyomwita alipofundisha Dar es Salaam ujanani, lakini mimi ni Mtanzania, na kwetu jina hilo lina mwenyewe. Alikuwa Mmarekani, mchumi mstaafu, mgane, na jirani yetu wa ukuta kwa ukuta hapa Auburn, ughaibuni. Kati ya uwanja wake na wetu kulikuwa na uzio wa mbao ulionifika kifuani, na kwa miaka tisa karibu kila kitu alichonifundisha kilipita juu ya uzio huo, pamoja na ndimu zake na vitumbua vya mke wangu.

Kiswahili chake kilikuwa cha enzi za mikutano ya hadhara. Kila mtu kwake alikuwa ndugu. Dereva wa basi ndugu, muuza nyama ndugu, hata paka wetu alikuwa ndugu paka. Watoto wa Kikongo wa nyumba ya pili walimwelewa vizuri lakini wakamjibu kwa Kiingereza, na yeye akaendelea na Kiswahili chake bila kukata tamaa. Saa nne asubuhi lazima anywe chai, kwa sababu ndivyo walivyofanya idarani kwao Dar, na aliyempigia simu saa nne alikuwa amemkosea adabu.

Uchumi wake haukuwa ule wa mistari miwili inayokatana ubaoni. Alisema wenzake wamejiumbia mtu mmoja wa ajabu, anayeingia dukani peke yake, hana mama, hana jirani, hana haya, na kichwani amebeba mizani ya kupimia kila kitu. "Nimeishi zaidi ya miaka themanini, ndugu Katibu," aliniambia mimi, katibu wa chama chetu cha Waswahili, "nimefundisha katika mabara matatu, na mtu huyo sijakutana naye. Ukimwona huko kazini kwako St Marys, niite." Watu aliowajua yeye waliishi kwa mazoea. Walifanya walivyoona kwa mama, kwa jirani, kwa bosi. Mazoea yakikaa muda mrefu yanaota meno, alisema, na yakishaota meno tunayaita taasisi.

Kwa mawazo hayo alifukuzwa kwenye chuo kimoja huko kwao, katikati ya mashamba ya mahindi. Mwenyewe alipenda kusema hawakuongeza mkataba. Walimtaka afundishe hesabu, naye alikuwa amekwenda kukaa mwaka mzima kwenye machinjio ya nguruwe, akiandika ni nani anamwonyesha nani namna ya kushika kisu. Baadaye akaenda kwetu kuchunguza vyama vya ushirika vya kahawa, akarudi na malaria na sanduku la madaftari. Kitabu ambacho kingetoka kwenye madaftari yale alikuwa bado anakiandika nilipomfahamu. Nilimuuliza mara moja kimefika wapi. Akasema amemaliza dibaji, sasa anairekebisha. Nilimpenda kuanzia siku hiyo.

Fundisho lake kubwa lilikuwa la mkono na kofia. Kila taasisi, alisema, ina mkono na ina kofia. Mkono unafanya kazi: unachimba, unalisha, unaponya. Kofia inapigiwa saluti. Hakuna ubaya, watu wanapenda kofia, lakini inafika siku kofia inashuka mpaka machoni na mkono hauoni tena unachoshika. Kwa hiyo kila nilipomweleza jambo la chama chetu, aliegemea uzio na kuuliza swali lilelile: "Mkono uko wapi?"

Alikuwa na sababu ya kuuliza. Chama chetu cha Waswahili kilikuwa na wanachama thelathini na kitu, na mimi nilikuwa Katibu Mkuu, ingawa hakukuwa na katibu mwingine mdogo wa kunifanya mkuu. Nilikiandikia katiba ya ibara arobaini na mbili. Nilichongesha mhuri. Nilikuwa na tai ya kikao na tai ya dharura. Mke wangu alikuwa akiniuliza kama nitaugonga mhuri ule kwenye chapati. Nacheka sasa, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa na shahada ya uzamili na nilikuwa napanga maboksi kwenye bohari huko St Marys, ambako vijana wenye umri wa kuzaliwa na mimi waliniita "mate", neno lao la rafiki yeyote yule, kwa sababu jina langu liliwashinda. Nilihitaji mahali pa kuitwa kitu. Profesa alilijua hilo, na alipoanza kuniita ndugu Katibu alianza kwa utani akaishia kwa huruma.

Msidhani yeye alikuwa nje ya mambo haya. Kila Jumamosi alikata majani ya mbele ya nyumba akiwa amevaa shati jeupe na tai. Majani yale hayakuliwa na mbuzi wala kuchezewa na mtoto, na alikuwa ameandika makala nzima kuonyesha kwamba bustani ya majani ni namna ya kuwaambia watu una ardhi usiyohitaji kuilima. "Basi yaache yaote," nilimwambia. Akatazama upande huu na upande ule wa barabara, akashusha sauti: "Majirani watanionaje?"

Korona ilipoingia na watu wakaanza kugombania karatasi za chooni, alifurahi mpaka nikamwonea haya. Aliingia supamaketi na daftari, barakoa puani, akiwahoji watu waliokuwa wakisukumana: ndugu, umeamua lini kwamba unazihitaji? Alirudi akinieleza kwamba hakuna hata mmoja aliyepiga hesabu. Kila mmoja alimwona mwenzake amebeba, naye akabeba. Na duka la halali lililo mkabala, alisema, lilikuwa na birika za kutawadhia zimejaa rafu nzima, hazikusogelewa. Tulicheka sana. Wiki iliyofuata aliniomba nimtolee ngazi gerejini, nikakuta nyuma ya ngazi mafurushi manane ya karatasi za chooni yamefunikwa kwa turubai. Nami nikafunika tena, nikatoa ngazi.

Sasa nifike kwenye lile ninalolizunguka.

Mwaka wa pili wa Korona sisi wa upande wa magharibi wa jiji tulifungiwa kuliko wenzetu wa ufukweni. Hakuna kutoka zaidi ya kilomita tano, hakuna mgeni nyumbani, polisi wanapita, helikopta inazunguka juu ya mapaa. Katika wiki hizo mwanachama wetu mmoja, Editha, alifiwa na mama yake huko kwetu Kasulu. Editha alikuwa akiwahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na aliishi peke yake Macquarie Fields. Mipaka ilikuwa imefungwa. Hangeweza kwenda kwao, wala sisi kwenda kwake. Alinipigia simu kama katibu.

"Kaka, sina ombi kubwa," alisema. "Wanazika kesho saa tano ya kule, huku itakuwa saa kumi na mbili jioni. Mdogo wangu atanionyesha kwa simu. Nataka tu, wakati wanamshusha mama, nyie muwe mnaimba. Basi. Niwasikie. Niko peke yangu humu ndani."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi, itifaki itazingatiwa.

Kisha nikakaa na kupanga matanga ya mtandaoni. Ajenda zilikuwa kumi na moja. Wimbo ulikuwa namba tisa, na kwa hesabu zangu ungeangukia saa kumi na mbili kamili. Nikaweka meza kuu. Ndiyo, meza kuu, kila mtu akiwa kwake: waliokuwemo niliwaagiza watandike kitambaa cheupe mbele ya kamera, waweke chupa ya maji na maua. Na kwa kuwa meza kuu bila mgeni rasmi ni meza tu, nikaegemea uzio nikamwomba Profesa.

Nilitegemea aniulize mkono uko wapi. Badala yake aliuliza, "Nitazungumza?" Nikasema dakika kumi. Uso ukamng'aa. Jioni aliniita tena uzioni, ameshika chombo cha maua ya plastiki ya marehemu mke wake, akauliza kama yanatosha.

Kesho yake tulianza saa kumi na moja jioni. Nilizima sauti za wote, maana nidhamu ni kitu cha kwanza, na nikafunga sehemu ya ujumbe kwenye kompyuta yangu kwa sababu ilikuwa inafunika maua. Sala, utambulisho, neno la mwenyekiti. Mwenyekiti wetu, Njeri, muuguzi Mkenya, alizungumza nusu dakika kutoka chumba cha chai hospitalini kisha akarudi zamu na simu mfukoni. Taarifa ya katibu ilichukua muda kidogo. Ilipofika zamu ya mgeni rasmi ilikuwa imebaki dakika tano ifike saa kumi na mbili.

Alizungumza vizuri. Lazima niseme hivyo. Alieleza matanga yalivyo taasisi kongwe kuliko serikali yoyote, akaeleza mkono na kofia, akatoa mfano wa machinjio, akatoa mfano wa Kilimanjaro. Saa kumi na mbili ikapita. Pembeni ya picha ya Editha ukatokea ule mkono mdogo wa manjano wa kuomba nafasi. Nikaona. Lakini kwetu mgeni rasmi hakatizwi. Unaweza kumkatiza padri, unaweza kumkatiza daktari, mgeni rasmi hakatizwi. Nikafungua sauti yangu sekunde moja tu.

"Dada Editha, nimekuona. Tutakufikia."

Akafungua mdomo. Tulimwona wote, mdomo wazi, shingo imekaza, na hakuna sauti iliyotoka kwa sababu sauti yake nilikuwa nimeizima mimi. Akainua simu yake akaielekeza kwenye kamera. Tukaona udongo mwekundu na wanaume wameshika kamba. Profesa hakuona, miwani yake ilikuwa ya kusomea na macho yake yalikuwa kwenye karatasi. Alikuwa amefika mahali anaposema, "Kazi ya matanga, ndugu zangu, ni kumshika aliyefiwa asianguke." Editha akainama akatoka kwenye picha. Kikabaki kiti.

Nilisubiri mpaka hotuba ikaisha. Nikamshukuru mgeni rasmi kwa maneno mazito. Nikasema sasa tupate wimbo, nikafungua sauti, tukakiimbia kiti. Kwenye kumbukumbu za kikao niliandika: "Wimbo uliimbwa."

Njeri alinipigia kabla sijavua tai. "Katibu, nimekuandikia mara sita nikikuambia umfungulie Editha. Mara sita! Mimi niko ward, na glavu, naandika na kidole moja. Unajua umefanya nini? Huyo dada alikuwa anaita mamake, na wewe ukam-mute. Aki ya nani, ukam-mute!" Nikasema kwamba mgeni rasmi alikuwa hajamaliza. Akakata simu. Nilipotazama kundi letu la kwenye simu, Editha alikuwa amejitoa.

Asubuhi Profesa alikuwa uzioni kabla ya chai. Njeri alikuwa amempigia na yeye.

"Kwa nini hukunikatiza?"

"Mgeni rasmi hakatizwi."

"Hiyo ni kofia, bwana! Kofia tupu!"

"Na wewe uliyevaa ni nani? Nani aliyeniuliza kama maua yanatosha?"

Aliingia ndani. Hatukusemezana siku kumi na moja. Kwenye nyumba zilizofungiwa, siku kumi na moja ni ndefu, hasa kama mtu unayemnunia ndiye mtu pekee wa nje ya nyumba yako unayemwona. Jumamosi ilifika na hakukata majani. Mke wangu akapeleka vitumbua akaviacha mlangoni kwake, akarudi akaniambia mzee ameamka vibaya na mimi sina akili.

Siku ya kumi na mbili alikuja, barakoa usoni, karatasi mkononi. "Nimeisoma upya hotuba yangu," alisema. "Ni nzuri sana. Hakuna sentensi ya uongo ndani yake. Hilo ndilo linaloniua." Macho yake yalikuwa mekundu. Nami nikamwonyesha nilichokuwa nimekiandaa: barua ya chama ya kuomba radhi, ina kumbukumbu namba, ina mhuri. Aliisoma taratibu, akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Umeandika 'usumbufu uliojitokeza'. Usumbufu gani, ndugu Katibu?"

Nililia pale uzioni, mtu mzima na tai yangu, na yeye hakuruhusiwa hata kunigusa bega. Alisimama upande wake mpaka nikamaliza.

Tulimpigia Editha mara nyingi. Hakupokea. Njeri alituambia anakwenda kazini, anarudi, halali, halii, hataki kuongea habari za mama yake na mtu yeyote. "Amekuwa jiwe," alisema. Mimi na Profesa tukaanza kuhesabu wiki. Hatukuwa na wazo jingine ila kwenda kubisha mlango wake barabara zikifunguliwa, na hofu yetu ilikuwa moja, kwamba hatafungua.

Zilipofunguliwa tulipanda treni, Jumapili mchana. Profesa alikuwa amekonda na alitembea kwa mkongojo. Baada ya stesheni mbili niligundua midomo yake inacheza ndani ya barakoa. "Unafanya nini?" nikamuuliza. Akatoa karatasi kwenye koti: alikuwa ameandika maneno machache ya kumwambia, kurasa mbili. Nikatoa ya kwangu: kurasa nne. Tuliposhuka Glenfield kubadilisha treni tulizitupa zote kwenye pipa la taka la stesheni. Baadaye nikamwona anageuka kulitazama lile pipa, nikamshika mkono tukaondoka.

Editha alifungua. Alikuwa na sare ya kazi, ametoka zamu ya asubuhi. Alitutazama mikononi kwanza.

"Mmekuja na ajenda?"

"Hatuna," nilisema.

"Mko wangapi?"

"Ni sisi tu."

Akaacha mlango wazi akarudi ndani. Tukaingia. Kulikuwa na kochi, lakini Profesa aliuliza kama anaweza kukaa chini, kwa kuwa msibani watu hukaa chini. Editha akainua mabega. Ilimchukua mzee muda kushuka, akashika kochi, akashika ukuta, akatua kwenye zulia na kishindo. Nikakaa kando yake. Kisha hatukusema kitu, na naomba mniamini kwamba kwa watu wawili kama sisi hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko maboksi yote ya St Marys. Editha alikunja nguo alizofua. Aliposhamaliza alizikunjua akakunja tena.

"Mama alikuwa mkali," alisema ghafla, bila kututazama. "Kanisani yeye ndiye alikuwa anaanzisha. Padri akiingia kabla mama hajaanzisha, anarudi nje." Akakunja nguo nyingine. "Ule wimbo nilitaka muimbe nyie kwa sababu mimi peke yangu nilijua sauti haitatoka. Na kweli haikutoka."

"Dada," nilisema, "tuimbe sasa?"

"Hapana. Ule ulikuwa wa siku ile." Alisema bila hasira, na ningependa angekasirika. "Kaeni tu."

Alichukua simu akampigia mdogo wake. Kule ilikuwa asubuhi. Tulimsikia kijana akiuliza kuna nini, akamwambia, "Nipeleke kwa mama." Picha ikatikisika, ikapita migomba, ikapita ukuta wa tofali, ikatulia kwenye msalaba wa mbao na udongo ulioanza kuota nyasi. Editha akaiweka simu magotini akaishika kwa mikono miwili.

"Mama," alisema, "watu wamekuja."

Akalia. Alilia kwa sauti, ya kuanzia tumboni, akamwita mama yake kwa jina na kwa Kiha, lugha ya kwao ambayo siielewi, mpaka jirani mmoja Mzungu akabisha mlango kuuliza kama yuko okay, nikatoka kumwambia yuko sawa, ni msiba. Nilirudi nikakaa. Hakuna aliyemwambia anyamaze, wala ajikaze. Profesa alikuwa ameinamisha kichwa na machozi yanadondoka ndani ya barakoa. Hatukutazama saa. Simu ya kule iliisha chaji yenyewe.

Editha alikwenda kunawa uso. Aliporudi alimkuta Profesa anajaribu kuinuka na hawezi. Miguu ilikuwa imekufa ganzi na mkongojo umemteleza. Nikataka kumsaidia, Editha akaniashiria nisogee kando, nisije nikamvunja. Akapiga goti mbele yake kama anavyofanya kazini kila siku, akapitisha mikono yake chini ya makwapa ya mzee, akafungana naye kifua kwa kifua.

"Nishike shingoni, Baba. Usijivute, nitakuinua mimi."

Mzee akamshika shingoni. Mdomo wake ulikuwa karibu na sikio la Editha. "Nisamehe, mwanangu," alisema. "Nilikuwa nazungumza. Wewe ulikuwa unaita, na mimi nilikuwa nazungumza."

"Simama kwanza," Editha alimwambia. "Hayo tutaongea ukishasimama."